Maboksi ya vyakula vya wanga kidogo yamenimaliza pesa na tumbo

Shikamoo Mama Jikoni,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Bombo, Uganda, na nina duka dogo la vitenge na madera. Mume wangu ni dereva wa trela, safari zake ni Mombasa na Kampala, kwa hiyo nyumbani hukaa siku chache sana kwa mwezi.

Mwezi uliopita daktari alinipima sukari, kile kipimo cha miezi mitatu, ikasoma 6.3. Akaniambia bado si kisukari ila niko mlangoni. Uzito wangu ulikuwa kilo 93, na vidonge vya presha nameza tangu mwaka juzi. Akasema nipunguze wanga: matooke (ndizi za kupika), posho (ugali), wali, chapati, muhogo, chai ya sukari. Mama, hivyo vyote ndivyo tunavyokula. Nyumbani kwetu bila kisra, ule mkate wetu mwembamba, au posho mtu anaondoka mezani anasema hajala.

Mume wangu, Mungu amjalie, aliposikia akaingia supamaketi Nairobi akaniletea boksi zima: biskuti za Uingereza zisizo na sukari, chokoleti za keto, yaani za wanga kidogo sana, kutoka Marekani, unga wa kuokea na shira ya kutia kwenye chai. Mimi nami nikampata dada mmoja Kampala anayeoka mikate ya wanga kidogo, anauza kwa WhatsApp, mkate mmoja shilingi 25,000 na pesa ya bodaboda juu yangu.

Wiki ya kwanza nilipungua kilo mbili na nusu, nikafurahi. Tangu hapo mizani imegoma, huu mwisho wa wiki ya nne. Tumbo linajaa gesi na kuunguruma, na Ijumaa moja kwenye kikao cha chama chetu nilitoka mbio mara mbili. Mwanangu wa miaka sita alizigundua zile chokoleti akala tatu, akaharisha usiku kucha. Njaa haiishi. Nikisimama ghafla naona kizunguzungu. Na nilipopiga hesabu, yake na yangu, tumeshatumia kama 430,000.

Sioni ninapokosea. Biskuti zimeandikwa wanga gramu 6 na nyuzinyuzi gramu 4 kila moja. Nikitoa inabaki 2, nakula tano au sita nikijua niko salama. Chokoleti nakula mbili kwa siku. Nimekupigia picha za nyuma ya pakiti. Halafu jirani ameona neno "alkoholi" kwenye ile ya chokoleti, sasa sijui hata kama ni halali.

Naomba uniambie, hivi vitu ni lazima? Na mume wangu sitaki kumvunja moyo.

Mwanao, Bombo

*

Marahaba, mwanangu,

Naanza na kizunguzungu, kwa sababu hicho hakingoji. Mtu akipunguza wanga ghafla, mwili hutoa maji na chumvi nyingi kwa mkojo. Presha hushuka. Kidonge kile kile kilichokutosha mwezi jana kinaweza kuwa kingi leo, ndiyo maana ukiinuka dunia inazunguka. Kesho asubuhi nenda kliniki, wakupime presha ukiwa umekaa, kisha wakupime ukiwa umesimama, na uwaambie wazi kwamba umebadilisha chakula. Usipunguze dawa mwenyewe. Wala usianze kunywa supu ya chumvi kama utakavyoshauriwa na kila mtu, mpaka wamekupima. Kwa asiye na presha supu ya mifupa husaidia kweli zile siku za kwanza za kichwa kuuma na uchovu, ila wewe una dawa mwilini.

Na kwa wengine mnaosoma hapa: kama unachoma insulini, au unameza glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi, usikate wanga kabla ya kuonana na daktari wako. Dawa hizo hushusha sukari hata kama hujala cha kuipandisha, na sukari ikishuka sana mtu huanguka. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye tatizo la figo, ninyi pia msianze peke yenu.

Sasa tuje kwenye boksi.

Nimezikuza picha zako mpaka nikasoma kila mstari. Chokoleti, kwa mbele, kwa herufi kubwa: wanga halisi gramu 3. Nyuma, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: wanga jumla gramu 24, nyuzinyuzi gramu 9, maltitoli (kitamu cha badala ya sukari) gramu 12. Waliotengeneza wamechukua 24, wakatoa 9, wakatoa 12, wakabaki na 3. Hilo neno "wanga halisi" huko Marekani halina tafsiri ya kisheria. Ni hesabu ya mwenye kiwanda. Nyuzinyuzi sina ugomvi nazo, nyingi hazigeuki sukari mwilini. Tatizo ni maltitoli. Hiyo hupandisha sukari ya damu kwa karibu nusu ya inavyoipandisha sukari ya kawaida, kwa hiyo kuitoa yote kwenye hesabu ni kujidanganya. Mimi huhesabu nusu yake. Chokoleti yako basi ina gramu 9, si 3, na wewe unakula mbili: 18.

Na hiyo maltitoli ndiyo iliyokuinua kwenye kikao. Utumbo mwembamba hauwezi kuifyonza yote. Inayobaki huvuta maji ndani ya utumbo, halafu vijidudu vya utumbo mkubwa huila na kutoa gesi. Gramu 24 kwa siku, kwa tumbo lisilozoea, ni nyingi. Mtoto wa miaka sita aliyekula tatu amemeza gramu 36 katika kimwili chake kidogo. Kwa kuwa ameshapona, usiogope, ila zitoe mahali anapofikia. Ulaya, bidhaa yenye zaidi ya sehemu 10 kwa 100 za vitamu hivyo ni lazima iandikwe onyo kwamba ikizidi inaharisha. Wanajua.

Kuhusu halali: mwambie jirani atulie. Wanakemia huziita "alkoholi za sukari" kwa sababu ya umbo lake tu. Hazilevi, na pombe unayoijua haimo. Maltitoli, sorbitoli, zailitoli, erithritoli, zote ni za ukoo huo. Miongoni mwao erithritoli ndiyo isiyogusa sukari ya damu kwa kiasi cha kuhesabika, kwa kuwa nyingi hutoka kwa mkojo kama ilivyoingia. Ukiona pakiti yoyote, tafuta ni ipi kati ya hizi iliyotumika. Hilo lina maana kuliko maneno yote ya mbele.

Biskuti ndizo zilizoniuma zaidi, kwa sababu hapo ulijitahidi kupiga hesabu ukakosea pasipo kosa lako. Lebo za Marekani huweka nyuzinyuzi ndani ya wanga jumla, kwa hiyo kutoa ni sawa. Lebo za Uingereza na Ulaya zimeshazitenga; wanga unaoona pale ni ule uliobaki. Wewe ukatoa mara ya pili. Biskuti yako haina gramu 2, ina 6. Ukila sita ni gramu 36, na kipande cha mkate wa kawaida kina kama 14. Umekula vipande viwili na nusu vya mkate ukidhani hujala kitu. Jumlisha na chokoleti, jumlisha na ule mkate wa WhatsApp ambao hatujui una nini, na mizani ina sababu ya kugoma.

Ule mkate, muulize huyo dada swali moja: unga gani, na gramu ngapi za kila unga? Asikujibu "ni wa afya". Siku hizi Kampala kuna mikate mizuri ya unga wa muhogo na unga wa ndizi inayouzwa kama haina ngano, na ni kweli haina ngano, lakini unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu, zaidi ya gramu 80 kwa kila 100. Kutokuwa na ngano ni jambo moja, kutokuwa na sukari ni jambo jingine, na kutokuwa na wanga ni la tatu. Wauzaji huyachanganya, wengine kwa kutojua. Kama ni unga wa lozi, mayai na maganda ya mbegu za isabgoli (psyllium), basi bei yake ina sababu. Akikwepa swali, achana nao.

Mwanangu, nilipitia hapo. Marehemu mama yangu alipopatikana na kisukari nilimnunulia biskuti za wagonjwa wa sukari, zile za pakiti nyeupe zilizokuwa zikiuzwa kwenye maduka ya dawa. Nilijiona binti mwema. Mama alikuwa akiziweka chini ya mto, anakula pakiti nzima kwa siku moja, akiambiwa anajibu, "Hii ni dawa, binti yangu kaniletea." Kwa biskuti za kawaida angekula mbili akaona haya. Nilichelewa sana kuelewa kwamba jina la kwenye pakiti ndilo lililomfungulia mlango. Na wewe umesema vilevile: "nikijua niko salama."

Ndiyo sababu jibu langu kwa swali lako kubwa ni hapana, si lazima, na kwa anayeanza nadhani ni afadhali visiwepo kabisa. Anayekula hivi mwaka wa tatu, anayejua mwili wake, akitaka chokoleti ya keto siku ya Idi, ale. Anayeanza ana kazi nyingine: kuuzoesha mdomo kwamba chai bila utamu ni chai, na kulizoesha tumbo kushiba kwa mayai na mboga. Biskuti, shira na chokoleti vinaizuia kazi hiyo. Kila siku vinaukumbusha ulimi ulichokiacha. Ukikaa wiki tatu nne bila utamu wowote utashangaa. Karoti utaiona tamu, maziwa utayaona matamu. Shira yako ina sukralosi, kitamu kisicho sukari, haina wanga wa maana, lakini Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba vitamu vya namna hiyo visitegemewe kupunguza uzito. Mwongozo huo hauwahusu walio na kisukari tayari, wala zile alkoholi za sukari. Wewe uko mlangoni, unakuhusu.

Zile kilo mbili na nusu za wiki ya kwanza, usizililie. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na kama gramu tatu za maji. Ukikata wanga, akiba hutumika na maji yake hutoka. Nyingi zilikuwa maji. Mafuta huja baadaye, polepole, nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri.

Njaa nayo: katika barua nzima umenitajia mkate, biskuti, chokoleti na chai. Hujanitajia yai. Hujanitajia samaki, wala nyama, wala mboga ya nakati. Umeondoa matooke ukaweka vitafunio, sasa tumbo linadai mlo wake.

Bombo kuna kila kitu unachohitaji. Asubuhi, simama kwa kijana wa rolex, yule anayefunga mayai kwenye chapati, mwambie akukaangie mayai matatu na kabichi, nyanya na kitunguu, chapati amwuzie mwingine. Mara ya kwanza atakushangaa, mara ya pili atakuwa ameshaanza kuyapiga akikuona unakuja. Mimi nyumbani nayafunga kwenye jani la kabichi nililolitumbukiza kwenye maji ya moto nusu dakika. Linalainika, linakunjika kama chapati, na mkono haupaki mafuta. Ongeza nusu parachichi. Hapo utafika saa nane mchana bila kukumbuka biskuti.

Mchana pika chungu kimoja kwa nyumba nzima, usijitenge na watoto. Kuku wa luwombo aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, samaki ngege au sangara, dagaa mukene waliokaangwa na nyanya, nyama ya mchuzi. Watoto wapakue posho yao, wewe mahali pa posho jaza mboga: dodo, nakati, bugga, entula, sukuma wiki, mpaka sahani ionekane imejaa, kwa sababu jicho nalo hula. Matooke ya kuchemsha yana kama gramu 30 za wanga kwa kila 100, na sahani tunayopakuliwa kwetu ni 400 bila wasiwasi. Ndio maana daktari aliitaja ya kwanza. Mchuzi wa karanga ni rafiki yako, ila kwa kijiko, na karanga ununue nzima uzitwange au usagishe mbele yako, maana wapo wanaochanganya unga wa muhogo ndani ya unga wa karanga, na karanga zilizoota ukungu zina sumu ya kuharibu ini. Zikinuka au zikiwa chungu, tupa. Simsim ya kaskazini pia nzuri. Na Novemba ikifika na nsenene wake, wale panzi wa kuliwa, kaanga kwa chumvi na kitunguu, ule kwa raha zako. Hakuna kitafunio cha boksi kinachowafikia.

Maharage usiyape mgongo, kijiko kikubwa kimoja au viwili pembeni ya mboga havina neno kwako. Daktari amekuambia upunguze, hakukuambia ufikie gramu 20 za wanga kwa siku kama wanavyoshindana watu kwenye simu. Matunda: nusu parachichi, kipande kidogo cha papai, basi, nanasi na fenesi tuyaache kwa sasa. Chai weka tangawizi na mdalasini, maziwa kiasi, maana hata maziwa kikombe kikubwa kina gramu 12. Jioni nyepesi, supu na mboga. Kwenye arusi na kwa mama mkwe, kula nyama na mboga kwanza, chukua kipande kimoja cha matooke ukile mbele yake, amani ibaki.

Fedha hebu zione: kwa bei ninayonunulia mimi, chokoleti moja ya keto ni trei nzima ya mayai. Ule mkate mmoja na bodaboda yake ni samaki wa kulisha nyumba.

Vilivyobaki ndani ya boksi usivitupe. Unga wa kuokea nimeusoma: lozi, nazi, maganda ya isabgoli. Huo ni mzuri, ufunge vizuri uweke mahali pakavu. Baada ya wiki nne urudishe peke yake, kimoja tu, na hapa ndipo kipima sukari cha kidole kinapokuwa na kazi. Pima kabla ya kula, oka mkate wako mdogo, kula vipande viwili, pima tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Andika kwenye daftari la duka. Siku nyingine fanya vivyo hivyo kwa mayai na mboga. Ukilinganisha hizo namba hutahitaji kuniuliza mimi wala kuamini pakiti. Maganda ya isabgoli yanataka maji mengi, usile mkate huo bila kunywa maji. Biskuti wape wageni, lakini si watoto na si zaidi ya mbili. Chokoleti mimi ningeziacha.

Mume wako ndiye niliyemfikiria nikiandika hivi. Mwanamume anayeshuka kwenye trela amechoka, anaingia supamaketi, anasimama mbele ya rafu asizozijua, anasoma lebo za Kizungu kumtafutia mkewe kitu kisichomdhuru, huyo usimwambie "ulichonunua hakifai". Mwambie kimekusaidia kuanza, na sasa umefika mahali unahitaji kitu kingine ambacho ni yeye tu anayeweza kukuletea. Atauliza ni nini. Mwambie nazi. Anatoka Mombasa, nazi zipo tele na bei yake ni ya kucheka. Akupakilie kumi chini ya kiti. Tui zito la nazi na ngege wa Ziwa Nalubaale (Viktoria), nyanya mbili, ndimu, bizari kidogo, pilipili nzima juu isipasuke. Akirudi safari hiyo mpikie hicho, wewe ule na mboga, yeye ale na wali wake.

Ukishapimwa presha niandikie wamekuambia nini. Na hilo la kliniki lisingoje Jumatatu.

Mama Jikoni